Kibodi Inapoandika Usichobonyeza

Nenosiri langu la kompyuta ya Linux lilikataliwa mara tano mfululizo. Skrini ya kuingilia huonyesha vitone tu, basi sikuwa na njia ya kujua kinachoandikwa. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza kufuta mfumo mzima na kuusimika upya, ndipo nikajaribu kuliandika nenosiri kwenye nafasi ya jina la mtumiaji. (Hakikisha hakuna mtu nyuma yako!) Pale nilipobonyeza Shift na 2 nikitaka @, ilitoka alama ya kunukuu. Kibodi yangu ni ya Marekani, skrini ile ilikuwa kwenye mpangilio wa Uingereza, na mipangilio hiyo miwili hubadilishana alama hizo.

Tangu siku hiyo sirekebishi chochote kabla sijajua ni nani anayezichezea herufi zangu. Kibodi yenyewe haijui herufi, hutuma namba tu. Kerneli, yaani kiini cha mfumo, huipokea, seva ya X (programu inayosimamia madirisha na kibodi) huitafsiri kwa jedwali la XKB, linaloonyesha kila namba ni herufi gani, kisha eneokazi (mazingira ya madirisha na menyu, kama GNOME au KDE) nalo lina mipangilio yake.

Kwa hiyo mimi huanza na `xev`, amri inayoonyesha kinachopokelewa unapobonyeza kitufe. Iandike kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri), kitafunguka kidirisha kidogo. Bonyeza humo kitufe kinachokusumbua, kisha soma maandishi yanayomiminika. Tafuta keycode (namba ya kitufe) na keysym (herufi iliyotafsiriwa). Kitufe cha Q kwa kawaida hutoa 24 pamoja na q. Ukiona 24 lakini herufi ni a, kibodi yako ni nzima, tafsiri ndiyo iliyoharibika: yaelekea mpangilio uliowekwa ni wa Kifaransa. Ukiona FocusOut (kidirisha kimeacha kupokea vitufe) badala ya KeyPress (kitufe kimebonyezwa), kuna programu iliyokidaka kitufe hicho kama njia ya mkato. Pakiwa kimya kabisa, jaribu kibodi nyingine kwanza.

Halafu `setxkbmap -query`, inayoonyesha mpangilio uliowekwa. Usiishie kwenye mstari wa layout, soma na wa options (mabadiliko ya ziada ya vitufe). Niliwahi kuilaumu Caps Lock kwa kugeuka Ctrl, kumbe ctrl:nocaps niliiweka mwenyewe miezi kadhaa nyuma nikasahau. Tena options hurundikana: ukiongeza mpya, ya zamani haiondoki. Kuzifuta zote:

`setxkbmap -option ''`

Kisha jaribu `setxkbmap us`, au mpangilio unaolingana na kibodi yako. Herufi zikirudi, usishangilie bado. Amri hiyo huisha pamoja na kikao chako, na GNOME au KDE inaweza kurudisha mpangilio wake hata kabla ya hapo. Badilisha kwenye mipangilio ya eneokazi lenyewe. Skrini ya kuingilia nayo ina habari zake. Kwenye Debian (mojawapo ya matoleo ya Linux) na jamaa zake, rekebisha XKBLAYOUT ndani ya `/etc/default/keyboard`, kisha washa kompyuta upya.

`xmodmap`, amri nyingine ya kupanga upya vitufe, siipendi. Utapanga vitufe vyako vizuri, halafu `setxkbmap` ikipita mara moja, kazi yote imefutika.

Na kama kila amri inakubali bila kulalamika lakini herufi hazibadiliki, andika `echo $XDG_SESSION_TYPE`. Jibu likiwa wayland (mfumo mpya unaochukua nafasi ya X), umekuwa ukibisha hodi nyumba isiyo yako. Huko `setxkbmap` haigusi programu za Wayland zenyewe. Tumia mipangilio ya eneokazi, na mahali pa `xev` tumia `wev`.