Mkalimani wangu wa Yiwu na kopo lake la wali

Safari yangu ya kwanza Yiwu, mji wa masoko ya jumla China, nilikwenda na jibu kichwani: mzigo wa China ni rahisi kwa kuwa vibarua wanalipwa kiduchu. Siku ya pili nikamuuliza mkalimani wangu mshahara wake. Nikanyamaza. Muuzaji wangu wa Kariakoo hafikii hata nusu.

Basi siri iko wapi? Mchana tulikuwa Futian, soko lenye vibanda kama 75,000, na yule dada akafungua kopo la wali aliotoka nao nyumbani. Mgahawa uko hatua kumi. Akasema anaweka akiba: matibabu ya baba, nyumba ya kununua, uzee wake mwenyewe. Yeye katoka kijijini, na hati yake ya makazi, hukou, ni ya huko, kwa hiyo huduma nyingi za mjini zinampita. Sasa wazidishe watu kama yeye mara mamilioni. Matumizi ya kaya China ni kama asilimia 40 tu ya pato la taifa. Viwanda vinatoa kuliko wenyewe wanavyonunua, na kinachobaki kinapakiwa melini. Mwaka 2024 ziada yao ya biashara ilikaribia dola trilioni 1.

Serikali nayo inasukuma kwa mikopo ya benki zake na kwa kuwarudishia wauza nje VAT, hadi asilimia 13.

Kwa hiyo ndugu yangu unayeagiza, fuatilia soko lao la ndani kabla ya kuulizia bei. Tangu biashara ya nyumba iyumbe huko mwaka 2021, vigae, masinki na taa vimekosa wanunuzi kwao. Hapo kaza kuomba punguzo. Mimi nilikubali bei ya kwanza ya vigae; jirani yangu wa fremu alinunua aina ileile kwa nafuu, na akanicheka mwezi mzima. Uliza pia kuhusu VAT kabla ya kulipa advansi: Desemba 2024 walifuta marejesho kwa aluminiamu, zikiwemo za madirisha, na mwenye kiwanda hakubali kuubeba mzigo huo peke yake.

Halafu angalia makontena. Mengi yanarudi China matupu, ndiyo maana nauli ya kwenda huko ni ndogo. Msimu huu najaribu ufuta, kontena moja la futi 20. Wiki ijayo niko mnadani Lindi.