Jibu: Trela ya Kisumu naiona, filamu nzima iko wapi?

Salamu kaka. Nimekuelewa hivi: umeona trela ya dokumentari fupi kuhusu Kisumu inavyobadilika, ukaisaka YouTube hadi bando likaisha, nzima huioni.

Kwanza rudi kwenye trela yenyewe, uisimamishe pale mwisho majina yanapopita. Ukiona nembo za matamasha ya filamu, zile za vijitawi viwili vya majani vilivyopinda, basi huenda filamu bado inazungushwa. Matamasha mengi hayapendi iwe wazi mtandaoni kabla ya zamu yao. Hapo utatafuta mpaka jogoo awike.

Mimi yalinikuta na moja ya Nakuru, baada ya mji wetu kupewa hadhi ya jiji Desemba 2021. Nilikuwa naitafuta kwa jina la Kiswahili, kumbe imepakiwa kwa la Kiingereza, tena Vimeo, tovuti nyingine ya video, na imefungwa kwa nywila. Nikamwandikia mwongozaji Instagram mistari miwili tu: naishi Kaptembwo, ningependa kuona mtaa wetu. Kesho yake asubuhi kiungo na nywila vikaja. Hawa wa filamu fupi hawaringi, wengi wanatamani tu mtu wa kutazama.

Ukiambiwa video haipatikani nchini mwako, hilo ni suala la haki za kuonyesha, usilaumu simu. Na tovuti zinazosema bure kisha zinadai namba ya kadi, zikimbie.

Tuwekee hapa jina la mwongozaji. Pengine kuna anayemfahamu.