Re: TV inawasha taa nyekundu tu, mchoro nausomaje?

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini multimita inakupa namba za ajabu kwenye pawasaplai (bodi inayoipa TV umeme), na mchoro wa saketi uanzie wapi. Kosa liko kwenye waya mweusi wa multimita: umeushika kwenye skrubu ya chesisi (fremu ya chuma) huku ukipima upande wa moto, yaani ule unaoungana moja kwa moja na umeme wa ukutani.

Angalia mchoro tena, kuna alama mbili tofauti za graundi, yaani sehemu ya sifuri ya kupimia. Si urembo hizo. Upande wa TANESCO una yake, upande unaokwenda bodi kuu una nyingine, katikati kuna transfoma na oputokapla (kijisehemu kinachopitisha ishara kwa mwanga), zinazotenganisha pande hizo. Kwenye upande wa moto, waya mweusi weka mguu hasi wa ile kapasita kubwa inayohifadhi chaji. Tarajia kama volti 325 za DC, maana ndicho kilele cha 230 za ukutani.

Na kapasita hiyo haijali kwamba umechomoa plagi, chaji inabaki ndani! Niliwahi kuigusa kwa kidole gumba nikiwa na kibanda Kariakoo, bisibisi ikarukia meza ya muuza chaja jirani. Usiishoti kwa bisibisi. Tumia rezista ya kilo-omu 2.2, wati 10, uishike kwa koleo yenye mpini wa plastiki na kuigusisha kwenye miguu miwili ya kapasita, kisha pima hadi ikaribie sifuri.

325 ikiwepo, fuata volti za stendibai (zinazokuwepo TV ikiwa imezimwa kwa rimoti), mara nyingi 5, halafu mstari wa PS-ON, ambao bodi kuu huutumia kuiamuru pawasaplai iwake. Stendibai ipo ila PS-ON haibadiliki ukibonyeza rimoti? Iache pawasaplai, kachunguze bodi kuu.