Picha 4,000 za soko la samaki, ukuta wa picha 15

SWALI: Shikamoo mama. Tangu mwaka jana napiga picha soko la samaki la Deep Sea hapa Tanga. Nimealikwa kuonyesha picha 15 ukumbini, nami ninazo zaidi ya 4,000. Kila nikipunguza nakwama kwenye 200, roho inauma kuacha. Nimekutumia saba uzione. Nichague vipi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimezitazama jana, na leo asubuhi nimezirudia. Nianze na ile uipendayo kuliko zote, ya mvuvi anayerusha wavu. Unasema uliingia majini hadi kifuani, alfajiri, ndipo ukaipata. Taabu hiyo naiheshimu, ila pichani haimo. Mimi naona kivuli cha mtu kwa mbali, wavu uliojikunja, na anga jekundu. Anga jekundu kila mpiga picha wa pwani analo.

Sasa rudi kwenye ile ya mnada, uliyosema uliipiga kwa kupita tu. Dalali ameinua kolekole kwa mkono mmoja, kinywa wazi. Nyuma yake yuko mama mwenye kanga, midomo kaifumba, macho kayakaza kwa samaki, na noti zimekunjwa kiganjani hadi vidole vimebana. Ataongeza bei au ataondoka? Sijui, na ndiyo maana nimeshindwa kuiacha. Hiyo iende ukutani, tena mahali pa kuonekana.

Unachopambana nacho ni kumbukumbu. Ukitazama picha zako unaonja tena baridi ya maji na furaha ya siku ile, lakini mgeni atakayeingia ukumbini haonji chochote zaidi ya kilichomo ndani ya fremu. Garry Winogrand, aliyezunguka mitaa ya New York na kamera, aliziweka filamu zake mwaka mzima au zaidi kabla ya kuzisafisha kwa dawa picha zitokee, ili asahau alivyojisikia alipobonyeza. Alipofariki mwaka 1984 aliacha roli za filamu zaidi ya 2,500 ambazo hazijasafishwa, huko usifike. Lakini za mwezi huu usizichague mwezi huu. Anza na za mwaka jana.

Pili, toka kwenye simu na kompyuta. Mimi nimelelewa na studio za picha za enzi ya filamu, na bado naamini jicho hupima vizuri zaidi picha zikiwa karatasi. Hizo 200 zitoe kopi ndogo za bei rahisi, uzitandaze kwenye jamvi. Mpiga picha Robert Frank alizunguka Marekani mwaka 1955 na 1956 akapiga picha zaidi ya 27,000. Alichapa kama 1,000 za kufanyia kazi, akazitandaza sakafuni na kuzibandika ukutani nyumbani kwake, akazipunguza hadi kitabu chake, The Americans, kilipotoka mwaka 1958 kikiwa na picha 83 tu. Nyingi alizoziacha zilikuwa nzuri. Picha nzuri nayo huachwa, ikiwa picha iliyo jirani yake imeshasema jambo lilelile.

Hapo ndipo kazi yako ilipo. Katika saba ulizonituma, tatu ni mikono inayoparua magamba. Chagua moja, ile yenye kisu kilichoisha makali na magamba yaliyoganda kwenye kifundo cha mkono. Nyingine zihifadhi, usifute.

Kisha mwite mtu asiyelijua soko hilo. Usimuulize ipi nzuri, atakujibu kwa adabu. Kaa kimya umtazame: wapi anainama, wapi anapita haraka. Idadi ya waliopenda mtandaoni isikupe shida, kule picha hupewa sekunde moja kisha kidole kinasogea.

Ile ya hamali aliyelala juu ya matenga, mdomo wazi, ni picha nzuri sana, na ndiyo inayonipa wasiwasi. Ukumbi uko Tanga, na watu wake watakuja. Mtafute umwonyeshe kwanza. Akisita, iondoe bila kubishana naye.

Ukishafika 30, nitumie zote kwa mpangilio unaoutaka, maana picha ya kwanza mlangoni hubadilisha zinazofuata. Na kama zitakazosimama ni 11, waambie wenye ukumbi mapema, wapange ukuta wa 11.