Mwezi wa saba, mama tunamshusha ziwani

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: huko nchi za kaskazini, baridi ikikaribia, wastaafu wengi hupanda magari yenye kitanda na jiko ndani wakateremka kusini kulifuata jua, je, sisi wa Nyanda za Juu Kusini baridi yetu tunaikimbilia wapi, au tunajifunika tu hadi ipite? Mimi ni mama muuza viazi mviringo, naishi Uyole, Mbeya, na huu ni mwaka wa sita tunaikimbia. Tunakwenda Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kwa Hiace.

Nianze na sababu, maana hatukuanza kwa kutaka kutembea. Mama yangu ni Mkinga, mzaliwa wa Makete. Amekulia kwenye sakitu, ule umande ulioganda unaolala juu ya shamba usiku, na asubuhi jua likichomoza unakuta majani ya viazi yamesinyaa na kuwa meusi kama yamemwagiwa maji ya moto. Sasa ni mzee, viungo vimemkaza, na mwezi wa sita ukiingia hawezi kufunga kifungo cha sweta yake mwenyewe. Kwa hiyo alikuwa akilala na jiko la mkaa chumbani, kama tunavyofanya wengi huku.

Usiku mmoja wa mwezi wa saba aliliingiza jiko, akaziba kwa khanga ule uwazi wa chini ya mlango, akalala na mjukuu wake wa miaka minne. Saa kumi na moja alfajiri nilikwenda kumwamsha mtoto akakojoe. Niliusukuma mlango ukawa mzito kwa ile khanga. Mtoto alikuwa amelegea, ametapika, na mama ananiita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani. Tuliwatoa uani kwenye baridi ile ile tuliyokuwa tunaiogopa, tukawakimbiza hospitali, wakawekewa oksijeni. Walipona wote, Mungu ni mwema. Daktari alinieleza kitu ambacho natamani kila nyumba ya Mbeya, Njombe na Makete ikijue: mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na huing'ang'ania damu mahali pa oksijeni. Ule mkaa ulioiva, mwekundu, usio na moshi, ambao tunauona salama, ndio unaotuulia watu. Aliyelala hashtuki. Anazidi kulala tu.

Baada ya hapo mume wangu alisema mwakani mama hatakaa Uyole mwezi wa saba. Hiace tulikuwa nayo ya kubebea viazi. Tuling'oa viti vya nyuma, seremala akatutengenezea kitanda cha mbao za paini, kirefu kwenda juu kiasi cha gunia kupita chini yake. Hapo ndipo safari ilipowezekana kwa watu wa kipato chetu: tunashuka na viazi uvunguni, tunaviuza Kyela, tunapanda na mchele. Faida yake inalipa mafuta na chakula cha siku kumi. Nyuma kabisa kuna mtungi mdogo wa gesi na sufuria mbili. Tunapika mlango ukiwa wazi, na hatuwashi gesi kwa ajili ya kuota, hata mvua inyeshe vipi.

Sasa hili la kusini. Mwaka wa pili tuliwakuta Matema mume na mke wazee, Wajerumani, wamekuja na gari lao lenye kitanda. Walituambia kwamba kwao huondoka mwezi wa kumi na moja na kukaa Hispania au Moroko mpaka baridi iishe, na safari hii walikuwa wametokea Cape Town, wakipanda kaskazini, kwa sababu Julai kule nako ni majira ya baridi. Nililifikiria sana jambo hilo. Kwao kusini ni kulielekea jua. Sisi tuko kusini ya ikweta. Mwezi wa sita jua limehamia kaskazini, na ukiendelea kusini kwa barabara utaifuata baridi yenyewe. Kinachotuokoa sisi ni mteremko. Jiji la Mbeya liko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ufuko wa Ziwa Nyasa hauzidi mita 500. Kwa kawaida kila mita 1,000 unazoshuka, joto linaongezeka nyuzi kama 6. Ongeza na ziwa lenyewe, ambalo kina chake kinafika mita 700: maji mengi namna hiyo hayapoi haraka, na usiku yanaupa ufuko joto wakati Uyole anga ni jeupe na ardhi imeshapoteza joto lake lote.

Lakini hesabu nzuri zaidi ni ya nguo za mama. Barabara kutoka Uyole kwanza inapanda hadi Isyonje, penye njia panda ya kwenda Kitulo, na hapo mama anakuwa amejifunika kila kitu alichonacho, na blanketi juu. Kiwira blanketi linatoka. Tukuyu mara nyingi tunapokelewa na manyunyu, hata katika miezi ambayo kwetu ni mikavu, kwa hiyo koti linabaki. Tunapita kwenye mashamba ya chai bila kusimama. Baada ya hapo migomba inazidi, joto linaanza kuingia dirishani, sweta la kwanza linatoka, kisha la pili. Soksi huvuliwa Ipinda, kwenye mpunga na mikakao. Kila kitu anakikunja na kukipakata mwenyewe. Tukifika ufukweni anashuka peku, anachimba mchanga kwa vidole vya miguu, anasimama hapo bila kusema neno, ziwa mbele yake na milima ya Livingstone ubavuni. Upande wa pili wa milima hiyo ndiko kwao. Siku ya nne au ya tano anaanza kunipokonya kisu cha kukatia vitunguu.

Anayetaka kujaribu nampa mambo machache. Kushuka ni kwa gia ndogo. Usikanyage breki mfululizo, zitapata moto na kukataa ukizihitaji. Kubwa zaidi ni malaria. Sisi wa juu miili yetu haijaizoea, na Kyela ina mbu. Nimekata vyandarua vya zamani nikashona vipande vya kuziba madirisha ya gari, vinashikwa kwa sumaku; hivyo vioo vinabaki wazi kidogo, hewa inapita, na asubuhi paa halidondoshi maji ya pumzi zetu. Na homa inaweza kuja wiki mbili au zaidi baada ya kurudi. Mwaka wa kwanza mtoto alipopata homa tumesharudi Uyole, jirani zangu wote walisema ni mafua ya baridi. Nilikwenda kupima. Ilikuwa malaria. Kapimeni, na mwambieni mhudumu mmetoka ziwani. Kuoga ziwani ni asubuhi, kabla upepo wa kusini haujaanza kusukuma mawimbi, na mbali na midomo ya mito, kwa sababu ya mamba. Waulizeni wenyeji, wataonyesha mahali.

Jumamosi tunampeleka mama mnadani Lyulilo, ambako Wakisi huleta vyungu vyao kwa mitumbwi. Anakiinua chungu, anakigonga kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, anakirudisha, anachukua kingine. Mwaka jana aligonga saba. Muuzaji, mama wa makamo, alimsubiri kwa adabu hadi mwisho, akapokea hela na kusema, "Ndaga fijo, bibi," yaani asante sana. Mama akamshika mkono kwa vidole vilivyonyooka.

Mwaka huu tunaondoka wiki ya kwanza ya mwezi wa saba. Nimemtengea nafasi kitandani bibi wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, ambaye bado analala na jiko ndani licha ya kumweleza yaliyotupata. Amekubali kuja. Alichouliza ni kimoja tu, kama huko ziwani atapata mtu wa kuongea naye Kikinga. Nimemwambia mama atakuwepo.