Bustani na Jiko Vipangwe Pamoja: Ushauri kwa Anayeanza Kilimo Hai cha Mboga

Wengi wanaokuja huku Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, kujifunza kilimo hai huanza kwa kuuliza dawa gani ya asili inaua wadudu. Swali hilo si baya, ila linakuja mapema mno. Jiulize kwanza nyumbani kwako, au kwa wateja wako, kunaliwa mboga gani katika mwezi gani, kisha upande kwa kufuata majira, kwa sababu mboga inayolazimishwa nje ya msimu wake ndiyo inayougua zaidi, na ndiyo inayomrudisha mkulima kwenye duka la viuatilifu alilokusudia kuliepuka. Chukua nyanya. Zikilimwa wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, majani hayapati nafasi ya kukauka na ugonjwa wa bakajani hupita shambani kwa siku chache tu. Katika miezi hiyohiyo, kunde, mlenda, matembele na maboga hutoa majani tele bila kubembelezwa. Basi masika yaachiwe mboga hizo, na nyanya zisubiri kipupwe cha Juni hadi Agosti, ambapo kumwagilia kunachosha lakini magonjwa hupungua.

Udongo ndio unaostahili sehemu kubwa ya nguvu zako. Jenga lundo la mboji lenye kimo cha mita 1 hivi, kwa tabaka za mabua na majani makavu, majani mabichi, samadi na udongo kidogo, na kila tabaka ulinyunyizie maji. Chomeka fimbo ndefu hadi katikati ya lundo na uiache humo. Ukiichomoa baada ya siku kadhaa ikawa ya moto na yenye unyevunyevu, mboji inaiva vizuri; ikiwa kavu, ongeza maji; ikitoa uvundo, maji yamezidi na hewa imekosekana, kwa hiyo lundo lipinduliwe. Kwa joto la huku huiva kwa takriban miezi 3, nayo iliyoiva hunukia kama udongo uliopata mvua. Samadi mbichi isitiwe kabisa kwenye tuta la mchicha, kwani huunguza mizizi, hubeba vimelea vya magonjwa, na wingi wake wa naitrojeni hulainisha majani kiasi cha kuwavuta vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza majani.

Kumbuka pia kwamba nyanya, nyanya chungu, bilinganya, pilipili hoho na mnafu ni mazao ya jamii moja. Yakifuatana katika tuta lilelile, ugonjwa wa mnyauko hukaa udongoni ukisubiri zao linalofuata. Yapokezane na kunde au maharage, ambayo pia hurutubisha udongo. Ukifika hapo, dawa ya wadudu ya mwarobaini itakufaa, mradi uipulize jioni, kwa kuwa jua kali huivunja nguvu upesi.

Mchicha usiung'oe; ukate juu ya vifundo vya chini ili uchipue tena. Uoshe kabla ya kuukatakata, uupike kwa maji machache na muda mfupi, kisha uuunge kwa karanga zilizotwangwa au tui la nazi. Karanga na tui si anasa, kwa maana mwili huhitaji mafuta ili kunufaika na viini vya majani ya kijani ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A. Mgagani una uchungu unaowafanya wapishi wengi wachemshe na kumwaga maji mara kadhaa, na hapo virutubisho vingi huishia mtaroni. Ni afadhali kuupika polepole na maziwa, ambayo huupoza uchungu huo. Kisamvu, hata hivyo, hakina mjadala: kitwangwe vizuri na kichemshwe kwa muda mrefu sufuria ikiwa wazi, kwa kuwa majani mabichi ya muhogo yana sumu ya sianidi.

Ukitaka kuuza, usitangaze kwa mdomo tu kwamba mboga zako ni za asili. Afrika Mashariki ina kiwango chake cha kilimo hai kilichopitishwa mwaka 2007, pamoja na nembo ya Kilimohai, na mkulima mdogo anaweza kuifikia kupitia kikundi ambacho wanachama wake hukaguana mashamba, njia iliyo nafuu kuliko kumlipa mkaguzi peke yako. Binafsi naithamini zaidi kwa sababu jirani anayekuja kukukagua hukufundisha pia.

Majani ya kunde yatakayozidi mwishoni mwa masika yasiozee shambani. Yachovye kidogo katika maji yanayochemka, yaepue, uyaanike kivulini penye upepo hadi yavunjike mkononi, kisha uyahifadhi kwenye chombo kikavu kilichofunikwa. Septemba, bustani ikiwa haina kitu na sokoni mafungu ya mchicha yamepanda bei, utayaloweka, utayachemsha na kuyaunga kwa karanga, na ugali utaliwa.