Miamba ya kijani ya Geita haihusiani na Bonde la Ufa

Ndugu mmoja ameuliza kama miamba ya kijani ya Geita, Tanzania, ilitokana na volkano za Bonde la Ufa. Hapana ndugu, haikutokana nazo. Kilimanjaro, mojawapo ya volkano hizo, ilianza kujengeka kama miaka milioni 2.5 tu iliyopita. Lava ya mkanda wa Sukuma, yaani ukanda wa miamba ya kijani ambamo Geita imo, ina umri wa takriban miaka bilioni 2.8, na sehemu yake ilimwagika chini ya maji. Ushahidi uko kwenye mwamba wenyewe: kuna mahali bazalti (mwamba mweusi wa lava iliyoganda) imejipanga kama mito ya kulalia, umbo ambalo lava hulipata inapoganda ghafla majini. Baadaye joto na mgandamizo vikageuza madini yake kuwa kloraiti, aktinoliti na epidoti. Hayo ndiyo yanayotoa ukijani.

Kuhusu chanzo cha lava hiyo, wanajiolojia bado wanabishana. Wapo wanaosema ni ujiuji moto uliopanda kutoka chini kabisa ndani ya dunia. Wengine wanasema bamba moja la gamba la dunia lilizama chini ya jingine. Kwa Sukuma naegemea hao wa pili, maana kemia ya lava nyingi pale inafanana na ya visiwa vya volkano vya leo vilivyo pale bamba linapozama.

Na dhahabu? Ilikuja nyuma sana. Maji moto yenye salfa iliyobeba dhahabu yalipita kwenye nyufa, yakakuta matabaka ya chuma, yale meusi yanayonasa sumaku. Salfa ikashikana na chuma, ikawa pairaiti, na dhahabu ikakosa cha kuibeba ikabaki hapohapo. Ndiyo maana wachimbaji wa Geita wanafuata sana matabaka hayo.